Sahani Haina Miguu

Sahani haina miguu. Ndivyo mama yenu alivyomjibu jirani yetu Halfani leo asubuhi, aliposema daktari amemtaka atembee kila siku lakini kazi ya ofisini haimpi nafasi. Mmecheka wote, kisha mmenigeukia mimi mkitaka kujua sahani imeingiaje katika habari ya kutembea. Wengi hapa Ujiji wanayasema maneno hayo bila kujua yalikotoka. Mimi ninajua, kwa sababu aliyeyasema mara ya kwanza alikuwa mke wa mjomba wangu, na nyumba yao na yetu zilitengwa na ua wa matete tu. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, na mengine niliyaona kwa macho yangu. Basi sikilizeni, ilianza hivi.

Mjomba wangu aliitwa Songoro, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutengeneza redio, mji mzima ulimwita Fundi Songoro. Siku hizo redio ndiyo iliyokuwa gazeti, ndiyo saa, ndiyo mgeni wa jioni. Ikinyamaza, nyumba nzima hununa. Mtu angeweza kuvumilia paa linalovuja kwa masika mazima, lakini redio ikiharibika leo, kesho alfajiri yuko kwa fundi.

Banda lake lilikuwa juu, sokoni, mlango wa pili kutoka kwa Bwana Kabwe muuza chumvi. Ndani mlikuwa na meza, kigoda, na redio za watu zimepangwa mpaka karibu na dari, nyingine matumbo wazi na nyaya zimening'inia. Akishakaa asubuhi na kushika kile chuma cha moto cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya, mjomba hakuinuka ila kwa swala, nayo aliiswali hapo hapo nyuma ya meza. Watu walimjia kutoka Simbo, kutoka Kalinzi, na wengine walivuka ziwa. Huyu atasema jioni kuna mpira, yule atasema baba yake hapati usingizi bila taarifa ya habari. Mjomba hakujua kumwambia mtu "njoo kesho." Alisifiwa sana kwa hilo.

Nyumba yake ilikuwa chini, upande wa ziwani, na njia ya kupanda sokoni ilitosha kumtoa mtu jasho. Yeye hakuipanda. Bwana Kabwe alikuwa na gari kuukuu la kubebea chumvi, na kila asubuhi alimchukua jirani yake mlangoni, na jioni akamrudisha mlangoni. Mchana gari lilikaa, maana petroli ilikuwa ya shida, na Kabwe mwenyewe alishuka kwa miguu kwenda kula kwake. Mjomba hakushuka, kwa kuwa chakula chake kilipanda.

Kilipanda mikononi mwa mkewe, Mwavita. Kila adhuhuri, tangu walipooana, Mwavita alimpelekea mumewe chakula bandani: ugali wa muhogo, samaki wa migebuka au dagaa, na sombe ya kisamvu iliyoungwa kwa mawese, vyote vikiwa chini ya kawa aliyoisuka mwenyewe. Hakumtuma mtoto. Hata alipokuwa na mimba ya Kitwana, kifunguamimba wao, alipanda polepole, mkono mmoja kwenye sahani na mwingine kiunoni. Akifika alimnawisha mumewe mikono, akasimama mlangoni akimtazama anavyokula huku jicho moja likiwa kwenye nyaya, kisha akachukua sahani tupu akashuka. Mama yangu alikuwa akituambia sisi wasichana, "Mkiolewa, muwe kama Mwavita."

Miaka ikaenda. Mjomba akanenepa, na mwanzoni watu walisema ni raha ya ndoa. Kisha miguu ikaanza kuvimba. Akawa akishuka kwenye gari la Kabwe anashika mlango na kusimama kidogo kabla ya kuvuka kizingiti chake mwenyewe, pumzi zikimpiga. Mwavita akamlazimisha kwenda zahanati. Daktari Ruhuza akampima, akamwambia ana sukari na presha.

"Dawa nitakupa," daktari alisema, "lakini nusu ya dawa iko miguuni mwako, Fundi. Tembea kila siku. Sikuambii ukimbie. Tembea tu, mpaka shati lilowe kidogo mgongoni."

"Nitatembea," mjomba alijibu. "Nikipata nafasi."

Nafasi hiyo aliitafuta kama mtu anayetafuta sindano huku amekaa juu yake. Wiki ile kulikuwa na fainali ya mpira. Wiki iliyofuata kila mtu alitaka redio yake isikike vizuri kabla ya mwezi wa Ramadhani. Ramadhani ikafika, akasema hawezi kutembea na kiu. Ikaisha, zikaja redio zilizoharibika sikukuu. Asubuhi moja alitoka kweli, Mwavita akafurahi akakaa kumchemshia chai. Kumbe mjomba alikutana njiani na mzee kutoka Simbo, redio kwapani. Walirudi pamoja, na mjomba akaifungua redio ile mezani kwake kabla hata chai haijaiva.

Mwavita hakugomba. Alipunguza chumvi kwenye mboga, akapunguza ugali, akaendelea kupanda na sahani.

Sasa ikatokea siku moja adhuhuri. Mwavita alifika bandani, akakuta mumewe ameinamia redio kubwa ya mbao, anachuna waya kwa meno. Kabla hajatua sahani, alisikia harufu kama ya ngozi inayoungua. Mjomba naye akainua uso, akavuta pumzi kwa pua.

"Mama Kitwana," alisema, "nini kinanuka? Umeunguza kitu?"

Mwavita akachungulia chini ya meza. Kile chuma cha moto kilikuwa kimeanguka kutoka mezani na kulala juu ya mguu wa mumewe, pembeni mwa kandambili, na moshi mwembamba ulikuwa unatoka. Mjomba alikuwa bado anamtazama mkewe, akingoja jibu.

Mwavita alikiondoa kwa upindo wa kanga. Hakupiga kelele. Alimwita Bwana Kabwe kwa sauti ya kawaida kabisa, wakampakia mgonjwa kwenye gari la chumvi, petroli au si petroli, wakampeleka zahanati.

Daktari Ruhuza alikisafisha kidonda. Halafu akaeleza kwamba sukari imeanza kuila miguu hisia zake. "Umebahatika mkeo alikuwepo," akasema. "Kikipona, vaa viatu vya kufunika, utembee kila siku. Ukiendelea kukaa, siku nyingine nitakapokuona sitakuwa na la kufanya hapa. Nitakupeleka hospitali kubwa, na huko watakata."

Kidonda kilichelewa kupona. Kila asubuhi Mwavita alikiosha kwa maji ya uvuguvugu aliyoyapima kwanza kwa kiwiko chake, kwa kuwa mguu wa mumewe haukujua moto na baridi. Kilipofunga, alimnunulia raba na soksi nene, akaziweka mlangoni. Mjomba alizivaa, akaingia nazo kwenye gari la Kabwe, akashuka nazo bandani, akakunja miguu chini ya meza. Soli zake zilibaki safi kama zilivyotoka dukani.

"Leo umetembea?" Mwavita aliuliza jioni.

"Redio za watu zimerundikana tangu nilipougua. Nikizimaliza hizi."

Mwavita hakuuliza tena.

Kesho yake alipika kama kawaida. Akapakua, akafunika kwa kawa, akaiweka sahani juu ya meza ndogo uani. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, naye akakaa kwenye mkeka karibu na meza ile, asitoke.

Kule juu mjomba alingoja. Aliwaza labda kuni zilikuwa mbichi. Akamwona Bwana Kabwe anafunga duka lake kwenda kula, akamwomba, "Ukipita nyumbani, hebu niulizie kulikoni leo."

Kabwe alipita, akabisha hodi, akauliza. Mwavita akamjibu bila kuinuka, "Mwambie chakula tayari. Sahani haina miguu."

Kabwe alirudi akayafikisha vilevile alivyoyasikia, mbele ya wateja. Watu wakacheka. Mjomba naye akajichekesha, akanywa maji, akaendelea na kazi mpaka jioni. Nyumbani Mwavita akampakulia chakula cha usiku, naye akala akaenda kulala.

Siku ya pili akaona asijitese, akaagiza wali kwa mama ntilie wa sokoni. Habari zilishuka mlima kabla jua halijageuka. Mama mkwe wake Mwavita, Bi Tabu, ambaye ni bibi yangu, alikuwa mama mwenye miguu myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Akaja na fimbo yake mpaka uani, nami nilikuwa upande wetu natwanga kisamvu, nikasikia kila neno.

"Mwanangu ni mgonjwa," alisema Bi Tabu, "nawe unamnyima chakula?"

"Sijamnyima, Mama. Chakula kile pale."

"Chakula kilicho mbali na mdomo ni chakula hicho? Mjini wanasema umepata mwingine."

"Acha waseme, Mama."

"Basi niambie mimi. Kakukosea nini?"

Mwavita akainama kuiweka sawa ile kawa. Bi Tabu alimtazama, akaona machozi, na nadhani yalimchanganya, maana alitarajia jeuri. Akaondoka akiguna.

Siku ya tatu ndiyo siwezi kuisahau. Mwavita alikaanga migebuka, na harufu yake ikavuka ua mpaka kwetu. Adhana ilipoadhiniwa nilimwona anainuka. Akaibeba sahani, akajitanda kanga, akafika mlangoni, akatoka nje kabisa. Akasimama pale njiani, uso ukielekea juu sokoni. Mtajua hali yake mkijua jambo hili: katika mchana mzima wa kila siku, saa ile ya kusimama mlangoni mwa banda ndiyo pekee aliyomwona mumewe. Mjomba alitoka na giza, akarudi na giza. Kuacha kumpelekea sahani kulimnyima mjomba chakula, lakini yeye Mwavita kulimnyima mume. Alisimama muda. Kisha akageuka, akarudi ndani, akaitua sahani mahali pake.

Ndipo mjomba akaja. Wali wa mama ntilie ulikuwa umemshinda, njaa na hasira vikamsukuma. Tulimwona anashuka taratibu, raba miguuni, anapumzika kwenye ukuta wa msikiti, anaendelea. Shati limemganda mgongoni. Aliingia uani bila hodi.

"Mwavita, nimekukosea nini?"

Hakumwita Mama Kitwana. Alimwita kwa jina, kama enzi za uchumba.

"Hujanikosea."

"Mbona unanidhalilisha? Soko zima linanicheka. Mama yangu halali kwa aibu."

"Kaa kwanza, Baba Kitwana. Unatweta."

Akakaa kwenye mkeka, kwa sababu asingeweza kuendelea kusimama. Mwavita akaleta maji, akamnawisha mikono. Kisha naye akakaa mbele yake.

"Siku ile mguu ulipoungua," alisema, "uliniuliza nini kinanuka. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Mguu wako mwenyewe, Songoro. Ukaniuliza mimi nimeunguza nini." Aliutazama mguu ule. "Niliporudi nyumbani nilifikiri sana. Nimepanda ule mlima na sahani tangu nikiwa mwari. Nikijua ndiyo njia yangu ya kukutunza. Kumbe miguu yako ilikuwa inalala, na mimi ndiye niliyeibembeleza ilale."

"Huo si ugonjwa wako, ni wangu."

"Ni wetu. Daktari alikuomba utembee, hukupata nafasi. Mimi nilikuomba, hukupata nafasi. Nikaona nitafute kitu ambacho huwezi kukiambia kingoje. Miguu huisikii tena. Nikasema, njaa ataisikia."

Mjomba aliitazama ile sahani. Mwavita akafunua kawa, akamsogezea. Mjomba akamega tonge, akalichovya, halafu mkono ukasimama hewani.

"Wewe umekula?"

"Bado."

"Na jana?"

"Jana nilikungoja. Na juzi pia."

Akalirudisha tonge sahanini. Nilidhani atainuka aondoke. Lakini alisogea kwenye mkeka, akaacha nafasi kando yake, akaigeuza sahani ili kichwa cha samaki kielekee upande wa mkewe.

"Njoo tule," alisema.

Wakala kutoka sahani moja. Mimi niliondoka penye ua, maana nilikuwa na adabu kidogo, lakini sauti zao niliendelea kuzisikia. Mjomba aliuliza mlango wa banda la kuku umeharibika lini. Akaambiwa, ni mwaka sasa. Akauliza mbona nyumba kimya hivi mchana. Mwavita akamkumbusha kwamba redio yao ilinyamaza zamani, na kila alipomtajia alisema ataitazama akipata nafasi. Hapo nikamsikia mjomba anacheka, kicheko cha mtu aliyejiona kwenye kioo, na Mwavita akacheka naye. Walikuwa wameishi pamoja miaka yote ile, na hawakuwahi kula pamoja chakula cha mchana.

Kesho yake, adhana ya adhuhuri ilipolia, Fundi Songoro alizima moto, akaweka chuma chake juu ya kigae, akatoka, akafunga mlango. Kulikuwa na bwana mmoja wa ofisini amesimama pale, ana haraka na redio yake.

"Fundi, unafunga mchana kweupe? Mimi nataka yangu sasa."

"Utaipata nikirudi. Nakwenda kula."

"Si huletewa chakula hapa?"

"Zamani," mjomba alisema. "Sahani haina miguu, bwana." Akashuka zake.

Bwana Kabwe, aliyekuwa anasikiliza, alicheka mpaka akashika mizani yake. Tangu siku ile mteja akimtaka ampelekee chumvi nyumbani, humjibu vivyo hivyo. Wauza dagaa wakayadaka, akina mama wakawaambia watoto wavivu, na kabla ya mwaka kuisha maneno yalikuwa ya mji mzima. Kazi za mjomba hazikupungua. Wateja walijifunza saa yake, wengine wakawa wanamngojea kwenye kivuli cha duka la chumvi, wengine wakashuka naye wakizungumza hadi msikitini. Mwanzoni alipumzika mara nyingi njiani. Baadaye akapumzika mara moja tu, kisha akawa hapumziki, na asubuhi akaanza kumwambia Kabwe atangulie na gari. Uvimbe ulipungua, pumzi zikatulia. Dawa hakuziacha, na Daktari Ruhuza hakuwahi kumwambia amepona, ila kila alipompima alimwambia, "Endelea na hiyo sahani yako." Akaendelea. Alizeeka na miguu yake yote miwili.

Tulidhani yeye ndiye atakayetangulia. Haikuwa hivyo. Mwavita ndiye aliyeugua, homa ya siku chache tu, akatuacha. Mjomba alizika, akakaa matanga, akamaliza arobaini, kisha akafungua tena banda lake, kwa kuwa watu walimhitaji na yeye aliwahitaji.

Kitwana na mkewe, Zena, walikuwa wamehamia nyumbani kumtunza. Zena ni mtu wa huruma. Alimwonea mzee uchungu, mpweke, mwenye mvi, ashuke na kupanda juani. Siku ya kwanza ya kufungua banda, adhuhuri, alipika, akapakua, akafunika, akapanda nayo sokoni. Mimi nilikuwa dukani kwa Kabwe nanunua chumvi. Nilimwona Zena amesimama mlangoni mwa banda na ile sahani mikononi, mahali pale pale.

Mjomba aliinua uso. Alimtazama muda mrefu, nami nikaogopa atalia mbele za watu. Hakulia. Alizima moto, akaweka chuma chake mahali pa usalama, akatoka. Akaipokea sahani kwa mikono miwili, akamshukuru.

"Kaa ule, Baba," Zena alisema. "Bado ina moto."

"Nitakula nyumbani."

Akafunga banda kwa mkono mmoja, sahani kaishika kwa mkono mwingine, akaanza kushuka. Zena alimfuata nyuma akimsihi ampokee, na yeye akikataa kwa upole. Watu walisimama wakawapisha. Nilishuka nyuma yao mpaka chini. Mzee aliingia uani, akatandika mkeka, akaitua sahani, akamwita mwanawe na mkwewe waje wale naye. Walipokwisha kunawa alimwambia Zena:

"Mwanangu, Mungu akulipe. Kesho usipande. Niwekee hapa hapa, na wewe uningoje tule. Sahani haina miguu. Mimi bado ninayo, na aliyeniachia ni mama yenu."